Aliyekata Ndiye Apige

Asubuhi hiyo magari ya watalii yalijaa kwenye lango la hifadhi la Loduare mpaka foleni ikafika barabarani. Madereva walikuwa wamejipanga dirishani kushughulikia vibali, wageni wanapiga picha kila kitu mpaka vibao vya vyoo, na nyani wa pale wanakagua magari yaliyoachwa vioo wazi. Penina alishuka kwenye bodaboda akiwa amevaa gauni la kitenge cha njano na, juu yake, koti kubwa la marehemu baba yake lililomfika magotini. Mkononi alishika mfuko wa kitambaa. Ndani mlikuwa na pasipoti ya mgeni wa kampuni yao aliyeisahau hotelini Karatu, pamoja na ndizi zake za kifungua kinywa.

Nyani hakuwa na haja na pasipoti. Alitaka ndizi, ila aliunyakua mfuko mzima mkononi mwa Penina na kupanda nao juu ya gari moja la kijani. Penina alibaki ameshika kichwa. Akaona kazi imekwisha, mgeni hatashuka kreta kuona wanyama, na wakubwa wa kampuni walioko Arusha watampigia simu ya maneno makali.

Mwenye gari alikuwa kijana mrefu, mwembamba, mwenye koti la kazini na shuka nyekundu aliyoizungusha shingoni kukinga baridi. Hakukimbia wala hakuokota jiwe. Alipiga bodi ya gari kwa kiganja na kumkemea yule nyani kwa Kimaasai, sentensi moja tu, kwa sauti ya mtu anayemkanya ndugu yake. Nyani akachukua ndizi, akaachia mfuko.

"Kiswahili hawaelewi?" Penina aliuliza alipopata pumzi.

"Wanaelewa. Ila ukiwasemesha Kiswahili wanabishana."

Penina alicheka mpaka akasahau baridi. Kijana alipangusa pasipoti kwa ncha ya shuka, akamkabidhi kwa mikono miwili, kisha akamwomba namba ya simu. Ya nini? Akamjibu bila kutabasamu kwamba nyani akirudisha ndizi, itabidi mwenyewe ajulishwe. Maneno ya hivyo ukiyasikia kwa mtu mwingine unaondoka zako. Penina aliitaja namba yake polepole, asije akaikosea.

Kijana huyo aliitwa Parsimei, mwenyeji wa Ololosokwan, mwongoza wageni katika kambi moja ya mahema huko huko kwao. Kila alipoleta wageni Karatu alimtafuta Penina. Walikunywa chai ya maziwa kwenye mgahawa ulio karibu na stendi, wakataniana kuhusu mababu zao, Wairaqw na Wamaasai, walivyoibiana ng'ombe, na haikuchukua muda Penina akajua kwamba amependa. Alimpenda kwa jinsi alivyosikiliza. Parsimei naye alipenda kicheko chake, na alikuwa akikitafuta kwa bidii kila walipoonana.

Tatizo lilikuwa umbali. Kambini kwa Parsimei simu za kawaida hazishiki. Kuna dishi la intaneti, na wafanyakazi wanaruhusiwa kulitumia jioni tu, kabla wageni hawajarudi kutoka porini. Nyumbani kwa akina Penina nako ni bondeni, nyuma ya mashamba ya mbaazi, na ndani ya nyumba simu inashika kwa kubahatisha. Kwa kuwa kazi yake ni kujibu barua pepe za wageni wa kampuni ya Arusha, Penina aliwekewa intaneti ya nyumbani. Hamidi, kijana wa mzee Swaleh mwenye duka la vifaa vya umeme pale mjini, alipanda juu ya bati, akafunga antena ikitazama mnara wa kilimani, akashusha waya mpaka sebuleni kwenye kisanduku cheupe kilichowekwa kando ya televisheni. Alimwonyesha kijitaa. Kikiwa kijani, mambo yako sawa. Kikiwa chekundu, ampigie.

Sebule yenyewe ilikuwa ya mama yake, Bernadina, na aliyewahi kuingia nyumba za huku hahitaji kuelezwa sana. Makochi yana vitambaa vya kufuma, redio ina chake, chupa za chai zina vyao, televisheni ina kirefu chenye marinda. Bernadina alifuma akiongea, alifuma akisikiliza mahubiri, na kisanduku cheupe kilipoingia kikapata kitambaa chake wiki hiyo hiyo. Mchana Penina akikaa kufanya kazi alikiondoa, maana alitaka kuona kijitaa. Jioni mama yake alipangusa vumbi jekundu la barabarani, akarudisha kila kitambaa mahali pake, na sebule ikawa tayari kwa mgeni yeyote atakayepiga hodi.

Jioni moja, kwenye simu ya video, Penina alijikaza akauliza lile lililokuwa likimkaba.

"Pasi, umemwambia baba yako habari zangu?"

"Tulia kwanza mpenzi, nikupe habari."

Na habari akazitoa. Soitsambu mvua imenyesha. Ndama wa mjomba alipotea, akaonekana upande wa Oloipiri akiwa na kundi la watu wengine. Kuna mgeni ameogopa kipepeo. Kwao wenyewe husema wanakula habari, na mtu mwenye adabu halirukii jambo kubwa kabla habari ndogo hazijaisha. Parsimei alilelewa hivyo na mzee wake, Sitonik, mtu anayeweza kuzungumzia malisho mpaka maji ya chai yakaukie jikoni. Penina alicheka, akasubiri, akacheka tena. Hatimaye Parsimei akarekebisha shuka yake begani.

"Sasa, kuhusu lile ulilouliza..."

Uso wake uliganda kwenye simu, mdomo ukiwa nusu wazi. Kisha ukapotea.

Penina aliweka simu mapajani akangoja. Kuna sheria ambayo hakuna aliyeiandika lakini wapenzi wote wa mjini wanaifuata: simu ikikatika katikati ya maneno, aliyekata ndiye apige. Yeye hakukata. Basi alingoja. Kule kambini Parsimei naye aliitazama simu yake, na kwa kuwa hakukata, naye alingoja. Magari ya wageni yalipoingia akainuka kwenda kuwapokea, na jioni hiyo ikaishia hapo.

Mara ya kwanza Penina alisema ni mtandao. Mara ya pili alisema labda ni mtandao. Baada ya hapo aliacha kusema na kuanza kufuatilia. Aligundua kwamba simu haikatiki wakati wa mvua za Soitsambu wala wakati wa ndama wa mjomba. Hao wote wanasikika vizuri kabisa. Anayekatika ni baba. Kila Parsimei akifika kwenye "sasa," uso unaganda.

Halafu siku moja, katikati ya habari, mwanamke akaita nyuma yake kwa Kimaasai, akacheka kicheko kirefu cha mtu aliyezoea. Penina akauliza ni nani huyo. Parsimei akageuka kutazama, akasema, "Huyo ni Naserian, ni..." na uso ukaganda.

Usingizi ukampungua. Alikuwa na miaka ya kutosha kujua wanaume wanaokata simu swali likiwa gumu. Shoga yake Martha aliwahi kuchumbiwa na mmoja wao kwa muda mrefu kabla ya kugundua kwamba mwenzake ana mke Mto wa Mbu. Hata hivyo alitaka kuwa mwenye haki. Alimpigia Hamidi.

Hamidi alikuja asubuhi, akapanda juu ya bati, akakaza skrubu, akaitazama antena na mnara, akashuka. Sebuleni kijitaa kilikuwa kijani. Akakaa pale akinywa chai na kijitaa kikaendelea kuwa kijani. Alikuja tena siku nyingine mchana akabadilisha waya, akabadilisha na plagi ya umeme. Kijani. Mara ya tatu alikuna kidevu.

"Dada Penina, kutwa unafanya kazi na hukatikiwi. Jioni ukiongea na mtu mmoja ndiyo unakatikiwa. Mimi ni fundi wa intaneti, sio fundi wa watu."

Aliyasema kwa upole, lakini tabasamu lake lilikaa usoni muda mrefu kidogo kuliko lilivyohitajika. Penina alimlipa. Maneno yale yalimkaa kifuani kwa sababu ndiyo aliyokuwa akijiambia mwenyewe.

Penina alianza kumtilia shaka hata mama yake. Bernadina hakuwahi kumkataa Parsimei waziwazi. Alikuwa akisema tu, kila jina lake likitajwa, kwamba babu yake Penina alilala njaa mwaka ambao Wamaasai walipita na zizi zima. Tangu simu zianze kukatika alikuwa ametulia mno. Alifuma tu, nyuzi nyekundu na za buluu badala ya nyeupe zake za siku zote, na Penina akiingia sebuleni ghafla, mama yake alikuwa akisukuma kikapu cha nyuzi nyuma ya kochi. Mtu mwenye wasiwasi anaona kila kitu isipokuwa kile kilicho mbele ya macho yake, na Penina siku hizo alikuwa anaona mengi.

Sasa twende Ololosokwan, maana Parsimei naye hakuwa malaika wa subira. Alikuwa ameshamwambia baba yake zamani. Mzee Sitonik alifikiri, akauliza kuhusu ukoo, akauliza kama wanafuga au wanalima tu, akakubali. Hilo ndilo neno ambalo Parsimei alikuwa akijaribu kulifikisha Karatu jioni baada ya jioni, na kila alipofungua mdomo kulisema, mwanamke anayempenda alikuwa akikata simu. Mtandao wa kambi haukuwa na shida. Wenzake walikaa kwenye benchi lile lile wakiongea na wake zao mpaka wageni warudi. Yeye tu ndiye aliyekatiwa. Alijiuliza ni mwanamke gani asiyetaka kusikia kwamba amekubaliwa, na jibu alilopata halikumpendeza.

Kisha siku moja alipata ruhusa ya kutumia intaneti ya kambi mchana, akapiga. Penina alipokea akiwa anatazama juu, na kabla hajamsalimia, sauti ya mwanaume ikaita kutoka mahali fulani pale nyumbani, "Peni, njoo mara moja." Lilikuwa jina ambalo Parsimei alidhani analitumia yeye peke yake. Penina akamwambia atampigia baadaye. Alikuwa Hamidi, yuko juu ya bati na bisibisi imemwangukia chini, lakini Parsimei hakuliona bati.

Jioni hiyo hakutoa habari yoyote. Hakutaja mvua wala ng'ombe.

"Yule mwanaume ni nani?"

"Ni fundi. Na Naserian ni nani?"

"Usinijibu kwa swali, Penina. Fundi gani anakuita Peni?"

"Anayekuja nikimwita. Wewe nikikuuliza kuhusu baba yako unakata simu."

"Mimi nakata? Mimi?"

Walisemezana maneno ambayo siyarudii yote hapa, kwa sababu wenyewe walikuja kuyaonea aibu. Na katika ugomvi ule mfupi, kila neno lilifika wazi, hakuna uso ulioganda, hakuna sauti iliyokwaruza. Hilo ndilo lililowaumiza zaidi. Kila mmoja alipata ushahidi wake: mwenzangu akitaka kusikika, mtandao upo.

"Basi usinisumbue," Penina alisema, akabonyeza kidole chake palipo pekundu. Safari hii alikuwa amekata yeye kweli, na kwa sheria ile ile, yeye ndiye alipaswa kupiga.

Hakupiga. Alikuwa na hamu ya kupiga kila jioni, alishika simu, akaiweka. Alifanya kazi yake, akajibu wageni waliouliza kama vifaru wanaonekana mwezi wa saba, akajifungia chumbani mapema na kulia kimya ili mama yake asisikie. Alimpenda yule kijana na alimtilia shaka kwa nguvu zile zile, na hakujua aamini moyo wake upi. Kwa akina Martha alisema limekwisha. Alipolisema alihisi kama amemsingizia mtu.

Kambini, Naserian alichoka kumwona Parsimei akikoroga chai isiyo na sukari. Naserian ni dada yake wa tumbo moja, mpishi wa pale kambini, na ndiye mwenye kicheko kirefu. Alimwambia aache kutazama simu, aende akamtazame mtu. Akamwambia pia kwamba baba yao ameanza kuuliza mama wa binti anasema nini, na kwamba mzee amesema atasema naye mwenyewe. Asiposikia jibu safari hii, atajua wamekataliwa na hatarudia kuuliza. Parsimei aliomba ruhusa, akapata nafasi kwenye gari la kuchukua mahitaji, akafika Karatu vumbi likiwa limejaa mpaka kwenye kope.

Penina alikuwa anaanua nguo. Alimwona getini akiwa ameshika chupa ya asali, shuka yake ya kutokea ikiwa imekunjwa vizuri begani, na kwa muda mfupi alisahau kwamba amekasirika. Kisha akakumbuka.

"Umefuata nini?"

"Nimekuja kukatiwa nikiwa hapa hapa," Parsimei alisema. "Nataka nione unavyofanya."

Hakucheka. Ila Bernadina alikuwa ameshatoka barazani, na mbele ya mama hakuna ugomvi. Parsimei alimwamkia, akaitikiwa marahaba, akakaribishwa ndani. Bernadina alimwambia Penina awashe jiko. Yeye alipangusa sebule haraka haraka, akanyoosha vitambaa vya makochi, cha redio, cha televisheni, na kwa ajili ya mgeni huyu akakifunika kisanduku cheupe kwa kitambaa kipya, kizito, cha nyuzi nyekundu na buluu kilichokunjwa mara mbili.

Parsimei alieleza kwa heshima kwamba baba yake angependa kumsalimia mama. Yuko kambini na Naserian, dada yangu, alisema, na neno dada alilisema akimtazama Penina. Penina akatazama chini. Alijisikia aibu, lakini bado hakuamini. Dada anaweza kutengenezwa. Alikaa kando ya Parsimei kwenye kochi, si kwa mapenzi, bali ili aione mikono yake.

Simu ikapigwa, ikaegeshwa kwenye chupa ya chai. Mzee Sitonik akatokea, masikio marefu, kofia ya sufu, amekaa karibu mno na simu mpaka paji la uso ndilo lililokuwa likionekana.

"Mama, takwenya."

"Iko," Bernadina aliitikia salamu hiyo ya Kimaasai, bila kubabaika.

Penina aligeuka kumtazama mama yake. Alijifunza lini? Baadaye alikuja kujua kwamba mama yake aliwauliza wale akina mama wauza shanga mnadani, akafanya mazoezi njia nzima ya kurudi nyumbani. Wakati ule alishangaa tu.

Mzee akaanza kula habari. Aliuliza watu, akauliza nyumba, akauliza mvua ya Karatu. Alieleza mvua ya kwao, palipo na nyasi na palipo na vumbi. Bernadina, mkulima wa kweli, akaeleza mahindi na mbaazi na viwavi. Yeye hakuona urefu wowote. Alifurahi kupata mtu mzima wa kuongea naye mambo ya maana. Walifika kwenye magonjwa ya mifugo, wakafika kwenye bei, wakarudi kwenye mvua. Chai ikanywewa. Penina alikuwa akitazama ile mikono mirefu iliyotulia juu ya magoti ya Parsimei.

Hatimaye mzee akakohoa, akajiweka sawa.

"Sasa mama, hilo lililotukalisha hapa..."

Paji la uso likaganda. Kisha likapotea.

Parsimei hakuwa amegusa kitu. Mikono yake ilikuwa pale pale magotini, na Penina alikuwa ameitazama bila kupepesa. Walitazamana. Katika macho ya mwenzake Penina aliona kwamba naye alikuwa akitazama mikono yake muda wote.

"Hukukata," alisema.

"Na wewe hukukata."

Penina aliinuka akaenda kwenye kisanduku kutazama kijitaa. Kilikuwa kimefunikwa. Akainua kitambaa, akakiachia upesi kwa jinsi kilivyokuwa na joto. Kisanduku chenyewe kilichoma kiganja. Kijitaa kilikuwa chekundu, kinazima na kuwaka. Alifikiria mchana, kisanduku kikiwa wazi na kijani. Alifikiria jioni zote. Na kwa kuwa alikuwa amezoea kushuku, hakuona bahati mbaya hata hapo.

"Mama, ulikuwa unajua?"

"Najua nini?"

"Kwamba ukikifunika kinapata joto kinazima. Ndiyo maana unakifunika jioni, tukianza kuongea. Wewe humtaki huyu."

Bernadina hakufoka. Alikwenda nyuma ya kochi, akavuta kile kikapu, akakimimina mezani. Vilitoka vitambaa vya kochi, vya meza, vya chupa za chai, seti nzima, vyote vya nyuzi nyekundu na buluu, pembeni vina shanga nyeupe.

"Hivi ni vya nani, Penina? Mimi nina nyumba ya rangi hii? Nimeuliza watu huko Umasaini wanapenda rangi gani. Nimeshona shanga na macho yangu haya. Hicho nilikiweka hapo nione kinavyokaa, mwanangu, kabla hujaondoka nacho."

Penina alivitazama. Alikuwa amemtilia shaka mchumba, akamshuku mama, na wote wawili walikuwa wanamtafutia heri. Akapiga magoti pale pale na kumwomba mama yake msamaha, na Bernadina akamshika kichwa kwa mikono yote miwili.

Parsimei ndiye aliyekumbuka. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mzee anadhani mama amemkatia."

Kule kambini ndivyo ilivyokuwa. Mzee Sitonik alikuwa amekaa wima mbele ya simu iliyozimika, na alikuwa amemwambia Naserian kwamba jibu amelipata. Amefika kwenye neno, mwenzake amefunga mlango. Naserian alimwambia labda ni mtandao. Mzee alimjibu kwamba habari za viwavi zilifika zote. Alikuwa akitafuta fimbo yake aondoke.

Penina alikuwa amekiinua kisanduku, anakipepea kwa kifuniko cha sufuria. Kijitaa kilikuwa bado chekundu. Parsimei alitoka barazani na simu yake, akaiinua juu, akazunguka uani, haikushika. Bernadina alikuwa akiomba kwa sauti ya chini, kwa Kiiraqw, na Penina aliendelea kupepea mpaka bega likamuuma. Kijani kikawaka, kikazima, kikawaka kikatulia.

Hakungoja kupigiwa. Alishika simu, akapiga yeye.

Iliita sana. Alipopokea, Naserian alikuwa anatembea. Simu ilionyesha nyasi, kisha fimbo, kisha mgongo wa mzee aliyekwishafika nje. Alimwita. Paji la uso likarudi, safari hii bila tabasamu.

"Nani amekata?" mzee aliuliza.

Penina angeweza kueleza kisanduku, joto na kitambaa. Alimtazama mama yake, ambaye alikuwa amekumbatia vitambaa vyake kifuani. Kisha akamtazama Parsimei, mlangoni.

"Shikamoo baba. Ni mimi niliyekata," alisema. "Na mimi ndiye ninayepiga. Naomba msinichoke."

Mlangoni, Parsimei alijifuta uso kwa shuka.

"Marahaba," mzee alisema. "Aliyekata akipiga, hakuna ugomvi. Mpe mama."

Na kwa kuwa mazungumzo yalikuwa yamevunjika, na mazungumzo yaliyovunjika hayashikwi katikati, mzee alianza upya. Takwenya. Iko. Nyumba. Mvua. Bernadina akarudi kwenye mahindi. Katikati ya viwavi mkono wake, kwa mazoea ya miaka yote, ulichukua kitambaa na kwenda nacho kwenye kisanduku kilichokaa uchi mbele ya mgeni. Penina aliuwahi mkono huo, akakitoa kitambaa taratibu, akakiweka mapajani mwake. Bado kilikuwa na vuguvugu. Parsimei alikaa kando yake, na safari hii hakuna aliyekuwa akilinda mikono ya mwenzake, maana ilikuwa imeshikana chini ya kitambaa.

"Sasa mama Penina," mzee alisema mwishoni. "Nimefika."

"Karibu, mzee."

"Nataka kuja kukaa kwako, nikuombe mtoto. Nikija utanifungulia?"

Kijitaa kilikuwa kijani. Wote wanne, wa huku na wa kule, walisubiri, na Bernadina hakuwa na haraka. Alimtazama binti yake mpaka Penina akatikisa kichwa kukubali, machozi yakimshuka.

"Nitafungua," Bernadina alisema. "Ila njoo mwenyewe. Habari hizi ni ndefu, na kisanduku hiki kina hasira."

Mzee alicheka kicheko kirefu, kile kile cha Naserian. Akaaga, akabariki, akainuka akaondoka bila kuzima, kwa sababu hakujua inazimwa wapi. Simu ikabaki inaonyesha benchi tupu na, nyuma yake, nyasi za Ololosokwan na kengele za ng'ombe wanaorudi. Bernadina alikwenda jikoni kuongeza maji ya chai.

"Kata," Parsimei alimwambia Penina.

"Kata wewe."

"Mimi sikati. Nikikata utasema nina mwanamke."

"Na mimi nikikata utasema nina fundi."

Basi hakuna aliyekata. Walikaa wakisikiliza kengele mpaka magari ya wageni yakaingia kambini, na Naserian akaja kuchukua simu yake.